Dawa za sonona na moyo wa mtoto tumboni: hofu imetoka wapi, na mama afanye nini

Julai 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliita jopo la wataalamu kujadili dawa za sonona kwa wajawazito, na wengi wa waliozungumza wakazikosoa. Chama cha madaktari wa uzazi cha nchi hiyo, ACOG, kikapinga waziwazi kwamba jopo lilielemea upande mmoja. Mjadala kama huo ukifika hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kwa njia ya simu, umeshakatwa vipande vifupi vifupi, na kinachobaki kichwani ni sentensi moja: dawa hizi zinatoboa moyo wa mtoto.

Sentensi hiyo ina madhara yake. Mama wa Kadutu au Panzi mwenye mimba ya miezi minne, anayemeza vidonge vyake kila jioni, anaweza kuviacha siku moja bila kumwambia mtu. Baada ya wiki chache ugonjwa unarudi, na safari hii hana hata nguvu ya kwenda CPN, yaani kliniki ya wajawazito. Kumwambia tu kwamba hofu yake ni uongo hakutamsaidia, kwa sababu nyuma ya hofu hiyo kuna tarakimu za kweli. Zinahitaji kusomwa pole pole.

Majina kwanza

Sonona, ambayo wengi wetu hapa tunaiita depresyo, ni ugonjwa unaodumu wiki mbili au zaidi, karibu kila siku: moyo mzito au kutojali chochote, usingizi kupotea, chakula kukosa ladha, nguvu kuisha, kujilaumu kusikoisha, na kwa wengine mawazo ya kujiua. Aliyefiwa au aliyekimbia vita hulia, na kilio peke yake si sonona. Sonona ni pale mtu anaposhindwa kuendesha siku yake: hafui, hapiki, hajibu watoto, hatoki nyumbani.

Dawa zinazotuhusu ziko makundi mawili. La kwanza ni lile linaloandikwa ISRS kwenye karatasi zetu za Kifaransa: fluoksetini, setralini, paroksetini na ndugu zake. Hizi huifanya kemikali ya serotonini ikae kazini muda mrefu zaidi kati ya seli za ubongo. La pili ni la zamani zaidi, na jina lake maarufu ni amitriptilini. Kidonge chake cha miligramu 25 ndicho kinachopatikana kwa urahisi zaidi katika farmasi zetu, na wengine hupewa kwa maumivu ya neva au ya kichwa, wala si kwa sonona.

Kasoro ya moyo ya kuzaliwa ni hitilafu katika umbo la moyo: tundu kwenye ukuta unaotenga vyumba vya kulia na vya kushoto, valvu iliyobana, au mshipa mkubwa uliotokea mahali pasipo pake. Duniani kote, kati ya watoto 1000 wanaozaliwa hai, karibu 8 huwa nayo, wawe mama zao walimeza dawa au hawakumeza. Nyingi kati ya hizo ni tundu dogo katika ukuta wa vyumba vya chini, na sehemu kubwa ya matundu hayo madogo huziba yenyewe katika miaka ya kwanza ya maisha. Nyingine ni nzito na zinahitaji upasuaji. Mtu akisema tu "kasoro ya moyo", bado hajasema ni ipi kati ya hizo mbili.

Tuongeze jambo moja linalotisha wazazi bure kwenye ekografi: kila mtoto aliye tumboni ana uwazi kati ya vyumba viwili vya juu vya moyo, kwa sababu hapumui bado na damu inahitaji kupita njia ya mkato bila kwenda kwenye mapafu. Kwa wengi uwazi huo hujifunga baada ya kuzaliwa. Si ugonjwa, na haukuletwa na kidonge.

Moyo hujengwa kabla fishi ya CPN haijafunguliwa

Hapa ndipo mazungumzo mengi yanapokosea, kwa hiyo tutulie kidogo.

Moyo ni kiungo cha kwanza kuanza kazi. Siku ya 22 hivi baada ya mimba kutunga, mrija mdogo kuliko punje ya mchele huanza kupiga. Kwa hesabu ya CPN, inayoanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, hiyo ni wiki ya 5: mama amechelewa hedhi kwa wiki moja tu, na huenda bado anadhani ni uchovu. Mrija huo hujikunja, sehemu zake hupanuka kuwa vyumba, kisha kuta huota ndani kutoka pande tofauti hadi zikutane katikati. Zisipokutana sawasawa, tundu linabaki. Mshipa mmoja mkubwa unaotoka juu hugawanyika kuwa miwili, mmoja wa mapafu na mmoja wa mwili mzima. Kufikia wiki ya 10 ya hesabu ya CPN, vyumba vinne, kuta, valvu na mishipa mikubwa vimeshakaa mahali pake. Baada ya hapo moyo unakua, haujengwi upya.

Kwa hiyo dawa inayoweza kuharibu umbo la moyo ni ile iliyokuwa katika damu ya mama kati ya wiki ya 5 na ya 10. Shirika la Afya Duniani linashauri mama afike kliniki kabla ya wiki ya 12, na tangu 2016 linapendekeza aonwe angalau mara 8 kabla ya kujifungua, lakini hapa kwetu wengi huanza mwezi wa nne au wa tano. Mama aliyekuwa anameza fluoksetini tangu mwanzo, akaja CPN mwezi wa tano, hawezi kuokoa umbo la moyo wa mtoto kwa kuacha dawa siku hiyo. Kazi hiyo ilikwisha miezi miwili na nusu nyuma, na katika idadi kubwa mno ya mimba ilikwisha vizuri. Akiacha ghafla, anachobaki nacho ni hatari ya kuacha ghafla, bila faida yoyote kwa umbo la moyo.

Mazungumzo ya kuchagua dawa yana thamani zaidi kabla ya mimba. Mwanamke anayetumia dawa hizi na anayefikiria mtoto, au asiyetumia njia yoyote ya uzazi wa mpango, aulize sasa. Akisubiri tumbo lionekane amechelewa.

Kwa nini wanasayansi walishuku

Hawakushuku kwa chuki ya vidonge. Dawa hizi huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Na serotonini haifanyi kazi kwenye ubongo peke yake: kiinitete huitumia kama ishara ya kuelekeza seli hata kabla ubongo haujakamilika. Mwaka 2000 watafiti wa Strasbourg, Ufaransa, walionyesha kwamba panya waliozaliwa bila kipokezi kimoja cha serotonini, kiitwacho 2B, walipata moyo uliojengeka vibaya, na wengi walikufa mapema. Njia ya madhara ipo, basi, angalau kimaabara. Ila panya aliyefutiwa kipokezi kizima hawezi kulinganishwa moja kwa moja na mama anayemeza miligramu 20. Njia kuwepo haimaanishi imepitwa. Kujua hilo kunahitaji kuhesabu watoto.

Tarakimu zenyewe

Mwaka 2005 data za Uswidi zilionyesha kwamba kati ya watoto 100 ambao mama zao walimeza paroksetini mwanzoni mwa mimba, karibu 2 walikuwa na kasoro ya moyo, wakati kwa watoto wote kwa jumla ilikuwa karibu 1. Data za bima za Marekani zilitoa 1.5 dhidi ya 1. Desemba mwaka huo FDA ikaihamisha paroksetini kutoka kundi C kwenda kundi D, yaani kundi la dawa zenye ushahidi wa kumdhuru mtoto. Hapo ndipo maneno "mara mbili" yalipozaliwa. Mara mbili ya 1 ni 2, na watoto 98 kati ya 100 hawakuwa na kasoro hiyo. Maelezo yote mawili ni ya kweli, na mama anastahili kuambiwa yote mawili.

Kisha ukaja utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2014, wa mimba 949,504. Wanawake 64,389 kati yao walitumia dawa za sonona katika miezi mitatu ya kwanza. Kwa hesabu ya moja kwa moja, kasoro za moyo zilikuwa takriban 72 kwa kila watoto 10,000 wa mama wasiotumia, na takriban 90 kwa kila 10,000 wa mama waliotumia. Anayeishia hapo atasema dawa imeleta watoto 18 zaidi.

Lakini nenda farmasi yoyote ya Kadutu, uwahesabu wenye homa kati ya wanaonunua dawa ya malaria na kati ya wanaopita barabarani. Wanunuzi watakuwa na homa nyingi zaidi, na hakuna atakayesema dawa ya malaria ndiyo iliyoleta homa. Waliingia farmasi kwa sababu tayari ni wagonjwa. Wanawake wanaotumia dawa za sonona nao wana sonona, tofauti na wengi wa wale waliolinganishwa nao. Na pamoja na sonona mara nyingi huja kisukari, uzito mkubwa, sigara, pombe, dawa nyingine na lishe mbaya. Baadhi ya hayo huharibu moyo wa mtoto yenyewe. Isitoshe, mama aliye chini ya uangalizi wa daktari hupimwa zaidi, na mtoto wake pia, kwa hiyo hata tundu dogo ambalo lingejiziba bila mtu kujua linaandikwa kitabuni.

Watafiti walipowalinganisha wenye sonona waliomeza dawa na wenye sonona ambao hawakumeza, na kuwasawazisha kwa magonjwa na tabia hizo, ongezeko kwa kundi la ISRS lilishuka hadi asilimia 6 hivi ya hatari ya kawaida, kiasi ambacho kitakwimu hakitofautiki na kutokuwa na ongezeko lolote. Hata tukikichukua jinsi kilivyo, ni kama watoto 4 kwa kila 10,000.

Mwaka 2015 nchi tano za Nordiki, kaskazini mwa Ulaya, zilikuja na hesabu ya watoto milioni 2.3, na zikatumia njia ambayo kwangu ndiyo yenye nguvu kuliko zote: ndugu. Mama yuleyule, mimba moja akiwa na dawa, nyingine bila dawa. Urithi ni uleule, na mara nyingi nyumba, chakula na tabia ni zilezile. Kwa jumla kulikuwa na ongezeko dogo la kasoro za moyo. Walipolinganishwa ndugu kwa ndugu, ongezeko hilo likatoweka.

Hadithi haiishii hapo kwa usafi, na si haki kuificha sehemu iliyobaki. Mwaka huohuo utafiti mwingine wa Marekani, uliochunguza kasoro moja moja badala ya kuzijumlisha, ulikuta paroksetini ikiambatana na kubana kwa njia ya damu inayotoka upande wa kulia wa moyo: kutoka takriban 10 hadi 24 kwa kila watoto 10,000. Fluoksetini nayo ilikuwa na ishara kama hiyo. Setralini haikuonyesha chochote kati ya kasoro zilizokuwa zinashukiwa. Upande wa kundi la zamani, klomipramini iliwahi kuonyesha ongezeko la kasoro za moyo katika data za Uswidi, wakati utafiti wa 2014 haukuona ongezeko kwa kundi hilo kwa jumla.

Ukiniuliza hayo yote yanasema nini, nitajibu hivi: mwanamke anayepanga mimba asianzishiwe paroksetini ikiwa kuna nyingine, setralini ndiyo yenye rekodi nzuri zaidi inapopatikana, na kwa zilizobaki, hatari kwa moyo, kama ipo, ni ndogo kiasi kwamba hata tafiti za mamilioni ya watoto hushindwa kuithibitisha.

Mtoto wa bluu na mtoto anayetetemeka

Kuna mambo mawili mengine yanayochanganywa na kasoro ya moyo, na yote yanahusu mwisho wa mimba.

La kwanza: mishipa ya mapafu ya mtoto kutolegea baada ya kuzaliwa, hata akawa na rangi ya bluu na kupumua kwa shida. Moyo wenyewe umejengeka vizuri. Kizuizi kiko kwenye mapafu. FDA ilitoa onyo kuhusu ISRS mwaka 2006, kisha mwaka 2011 ikasema ushahidi unapingana. Hesabu ya mwaka 2015 ya mimba milioni 3.8 ilikuta ongezeko dogo sana baada ya kusawazisha. Tunazungumzia watoto 2 hadi 3 kwa 1000.

La pili ni la kawaida zaidi. Karibu watoto 3 kati ya 10 ambao mama zao walitumia ISRS hadi mwisho wa mimba huzaliwa wakiwa na mtetemo, kilio kingi, pumzi ya haraka au shida ya kunyonya. Huanza siku moja au mbili baada ya kuzaliwa, na mara nyingi huisha ndani ya wiki mbili bila dawa yoyote: ngozi kwa ngozi kifuani mwa mama, kunyonyeshwa kidogo kidogo mara nyingi, mahali patulivu. Mama asikubali kutolewa wodini saa chache baada ya kujifungua; aombe mtoto aangaliwe siku mbili hadi tatu.

Sonona isiyotibiwa nayo inamfikia mtoto

Kosa kubwa katika mijadala hii ni kudhani kwamba kuna mama anayemeza dawa na mama asiye na hatari yoyote. Mama wa pili hayupo kama sonona ipo. Sonona isiyotibiwa huongeza uwezekano wa mtoto kuzaliwa kabla ya wakati na akiwa na uzito mdogo. Mama hali chakula, hapati usingizi, hakumbuki vidonge vya madini ya chuma, anakosa dozi za kuzuia malaria, na pengine anatafuta usingizi kwenye kanyanga au kasiksi. Pombe, tofauti na dawa tulizozitaja, inajulikana wazi kuharibu moyo na ubongo wa mtoto. Na mama anaweza kujiua. Watu wanapenda kusema mimba humfurahisha mwanamke na kumkinga na huzuni. Haimkingi.

Kuhusu kuacha, utafiti wa Marekani wa 2006 uliwafuatilia wajawazito 201 waliokuwa na historia ya sonona. Kati ya walioacha dawa, 68 kwa 100 waliugua tena wakati wa mimba. Kati ya walioendelea, 26 kwa 100. Si wote walioacha waliugua, na si wote walioendelea walikingwa. Yule ambaye ugonjwa wake ulikuwa mwepesi, na ambaye yuko vizuri kwa muda mrefu, anaweza kupanga na daktari kupunguza. Aliyewahi kulazwa, aliyewahi kujaribu kujiua, au ambaye kila akiacha anaanguka, yuko mahali tofauti kabisa.

Kupunguza hufanywa kwa hatua, angalau wiki 4. Anayekata ghafla, hasa paroksetini, anaweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu, ndoto kali, kukosa usingizi na mshtuko kama wa umeme kichwani. Mjawazito akitapika na kuona kizunguzungu atadhani ni mimba au malaria, na atanunua kinini. Fluoksetini hutoka mwilini taratibu zaidi, hivyo dalili hizo huwa hafifu.

Dawa nyingine, bahasha ileile

Hatari iliyo kubwa kweli mara nyingi imelala mahali ambapo hakuna anayeiangalia. Katika vituo vyetu vingi dawa hutolewa ndani ya kibahasha kidogo kilichoandikwa "1 co jioni" au "2 co kwa siku", bila jina. Mama anajua tu kwamba anameza "dawa ya kichwa". Ndani ya kibahasha hicho inaweza kuwa amitriptilini. Inaweza pia kuwa valproati, ambayo boksi lake mara nyingi huandikwa Depakine, dawa ya kifafa inayotumika pia kwa ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka.

Hizi mbili haziko kiwango kimoja hata kidogo. Kati ya watoto 100 ambao mama zao walitumia valproati, karibu 10 huzaliwa na kasoro kubwa, zikiwemo za moyo na za uti wa mgongo, na 30 hadi 40 hupata matatizo ya kujifunza na makuzi. Shirika la Afya Duniani linashauri isitolewe kwa wasichana na wanawake wanaoweza kupata mimba. Hata hivyo, anayeimeza kwa kifafa asiache mwenyewe: degedege refu linaweza kumwua yeye na mtoto. Aende siku hiyohiyo kwa anayemtibu ili abadilishiwe.

Inaniumiza kuona mama akiogopeshwa na fluoksetini huku valproati ikipita kimya. Kwa hiyo hatua ya kwanza kabisa ni kumwambia anayekupa dawa: "Munganga, niandikie jina la dawa na miligramu zake." Jina hilo liandikwe kwenye fishi ya CPN, kwa wino. Si kila mkunga atauliza. Mwambie hata asipouliza.

Dozi, na kosa la nusu kidonge

Kanuni inayofundishwa ni kutumia dozi ndogo kabisa inayofanya kazi. Wengi wameisikia sehemu ya kwanza tu. Amitriptilini kwa sonona huanzwa miligramu 25 wakati wa kulala, kisha huongezwa wiki kwa wiki, kwa kawaida hadi 100 au 150. Fluoksetini huanza na 10 na kufika 20 kwa wengi. Mama anayekata kidonge nusu kwa huruma ya mtoto, au anayemeza leo na kuacha kesho, anampa mtoto dawa na sonona pamoja. Faida huanza kuonekana baada ya wiki 2 hadi 4, kwa hiyo kuamua siku ya tano kwamba dawa haifai ni mapema mno. Na katika miezi mitatu ya mwisho mwili wa mama huongeza maji na kuivunja dawa haraka. Dozi iliyotosha mwanzoni inaweza kuhitaji kuongezwa. Hiyo si dalili ya kuzoea dawa.

Amitriptilini inakausha mdomo, inafunga choo na kushusha presha mtu anapoinuka ghafla, na mimba tayari inaleta hayo. Keti kwanza ukingoni mwa kitanda. Jambo zito zaidi: vidonge vingi vyake kwa mara moja huua kwa kusimamisha moyo wa mama. Kwa mwenye mawazo ya kujiua, nyumbani pawe na vidonge vya wiki moja tu, na avitunze mtu mwingine.

Ukipata malaria, mwambie anayekutibu kwamba unatumia amitriptilini: dawa hiyo na kinini zote mbili zinagusa umeme wa moyo wa mama. Tramadoli, dawa ya maumivu inayouzwa barabarani, haichanganywi na ISRS. Inaweza kuleta homa kali, mtetemo na degedege. Dawa za mizizi na majani nazo ni dawa, zina kemikali zake, na nyingi hazijawahi kupimwa kwa mtoto aliye tumboni.

Tiba bila kidonge

Kwa sonona nyepesi na ya wastani, mjawazito huanza na tiba ya mazungumzo, na dawa hufuata ikishindikana. Wapo wanaoidharau wakidhani ni maneno ya faraja tu. Utafiti uliochapishwa 2013, uliofanywa vijijini mashariki mwa Kongo kwa wanawake walionusurika ukatili wa kingono, ulitumia wasaidizi wa hapahapa waliofundishwa, si madaktari. Miezi sita baada ya tiba ya vikundi, 9 kwa 100 walikuwa bado na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa, dhidi ya 42 kwa 100 kwa waliopata msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja. Wanawake hao hawakuchaguliwa kwa sababu ya ujauzito, lakini utafiti huo unaonyesha tiba hii inawezekana bila hospitali kubwa.

Pa kuanzia Bukavu ni SOSAME, kituo cha afya ya akili, au huduma ya kisaikolojia ya hospitali ya Panzi. Goma kuna Tulizo Letu, na Lubumbashi kituo cha Joseph Guislain. Ugonjwa ukiwa mkali, mazungumzo peke yake hayatoshi, na hapo kidonge kinatolewa bila kusitasita.

Ekografi, na siku za kwanza za mtoto

Ekografi ya wiki ya 8 inaonyesha moyo unapiga, haionyeshi kama umejengeka vizuri. Muda mzuri ni wiki ya 18 hadi 22. Ukienda, mwambie anayepima: "Naomba uangalie vyumba vinne vya moyo na mishipa mikubwa inayotoka, nilikuwa natumia dawa hii mwanzoni mwa mimba." Bila ombi hilo, katika foleni ndefu, mara nyingi hupimwa kichwa, mguu, kondo na maji, mama akatumwa nyumbani. Matundu madogo hayaonekani vizuri tumboni hata kwa mpimaji hodari, kwa hiyo ekografi safi haifuti haja ya kumchunguza mtoto akizaliwa.

Baada ya saa 24, mtoto apimwe oksijeni kwa kifaa kidogo cha kubana, kwenye mkono wa kulia na kwenye mguu. Kawaida ni 95 au zaidi, bila tofauti kubwa kati ya mkono na mguu. Bukavu na Goma ziko karibu mita 1500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo namba inaweza kushuka kidogo hata kwa mtoto mwenye afya. Ipimwe tena baada ya saa moja kabla ya kumtia mama hofu. Chini ya 90 haisubiri.

Nyumbani, angalia ulimi na midomo: bluu ya mikono na miguu kwa mtoto mwenye baridi ni kawaida, bluu ya ulimi si kawaida. Hesabu pumzi kwa dakika nzima akiwa amelala. Zaidi ya 60 ni nyingi. Mtoto anayetoka jasho kwenye paji la uso akinyonya, anayeachia ziwa kila baada ya muda mfupi ili apumue, au ambaye uzito haupandi baada ya wiki mbili, apelekwe hospitali kusikilizwa moyo na kufanyiwa ekografi ya moyo. Nenda na fishi ya CPN yenye jina la dawa, dozi, na wiki ya mimba ulipoianza au kuiacha. Na kama ulikuwa umeacha bila kumwambia mtu, sema hivyo hivyo. Daktari wa mtoto anahitaji tarehe hizo ili ajue atafute nini.